Ukuta wa Bi Mize

Hakuna aliyemjua msichana aliyebisha hodi siku ya harusi ya mwana wa Bi Mize.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Rukia, binti wa marehemu Saumu, wa nyumba hiyo jirani. Nimelelewa mbali."

"Marahaba! Kidevu hicho ni cha mama yako mtupu," Bi Mize alicheka. "Karibu ule."

"Sikuja kula, bibi. Ami anaiuza nyumba yetu jioni hii. Anasema haina hati. Mama aliniambia nikikwama nije kwako."

Bi Mize aliugeukia ukuta wa sebule unaopakana na ua wa Saumu, uliopakwa chokaa jana tu kwa ajili ya bibi harusi. Humo ndani, yeye na Saumu walikuwa wamelifukia kopo lenye hati, na Bi Mize akaahidi kumtolea Rukia siku yoyote atakayoiomba.

Wifi yake alipomwona anashika mchi wa kinu, akaruka. "Wifi, si leo! Bibi harusi yuko njiani!"

"Basi atatukuta tunatwanga."

Akajifunga kanga kiunoni, akapiga. Plasta ikaporomoka hadi kwenye masinia ya pilau. Akaendelea kupiga mpaka kopo likachomoza. Rukia alilifungua, akaiona hati, na juu yake jina lake mwenyewe, ambalo mama yake alikuwa ameliandikisha akingali hai.

Vigelegele vikalipuka. Rukia akatoka mbio, hati kifuani.

Ngoma za bibi harusi zilikuwa zimeshafika kibarazani. Bi Mize, mweupe pepepe kwa vumbi, alikwenda kumpokea mkwewe, na nyuma yake mwanga wa ua wa Saumu ulikuwa ukipenya kwenye tundu, ukitua juu ya pilau.