Mzee wa Meza ya Nne

Diana alivuliwa koti jeupe na viatu nyuma ya banda la ng'ombe kabla hajakanyaga uwanja wa nyumba. Hapo kwao Tengeru hiyo ndiyo ilikuwa sheria, tangu aanze kusoma udaktari mjini Arusha na kupangiwa, yeye na wenzake wa meza ya nne, maiti ya kujifunzia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinishike."

Mama Diana aliishia darasa la saba, lakini kwa magonjwa alikuwa profesa. Sisi kina mama ndivyo tulivyo. Mtoto akipiga chafya moja tumeshamzika, na nguo zake tumeshagawa.

Maiti yenyewe ilikuwa ya mzee wa Kimeru aliyeacha wosia kwamba mwili wake upelekwe chuoni. Hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi kuliko yote. Mmeru mwenye migomba yake anakataaje kuzikwa migombani? Lazima kuna ugonjwa alikuwa anauficha.

"Mama, yule amelala kwenye dawa mwaka mzima," Diana alisema. "Wadudu walishakufa. Na sisi tunavaa glavu."

"Dawa iliyoua wadudu wote itakuachaje wewe?"

Kwa hiyo mama akaanzisha tiba yake. Nani asiyejua kwamba maziwa yanaondoa sumu? Ng'ombe wao alikuwa amezaa kabla ya siku zake, ndama akafa, lakini kwa neema ya Mungu maziwa hayakukatika. Kila asubuhi, Diana akiwa bado anavaa, mama alikamua, akajaza chupa ya chai na kuifunga hapo hapo ili yafike chuoni na joto lake. Tena hakuwa mchoyo. Alisema wagawane meza nzima, maana wenzake nao wana mama zao. Vijana wa meza ya nne wakawa wanamwita mama mlezi, naye kichwa kikavimba.

Haukupita muda mmoja wao, Joel, akashikwa na homa. Akafuata mwenzake Lekishon, halafu Diana mwenyewe: jasho usiku, viungo vinauma kama vya bibi kizee. Meza nyingine zote, hakuna hata mwenye mafua.

"Nilisema mimi," mama alisema. Alisema kwenye kwaya, akasema sokoni, akamwambia hata muuza vitunguu ambaye hakuuliza. Na tiba akaongeza, zikawa chupa mbili.

Kisha akajifunga kitenge chake cha Pasaka, akabeba chupa moja na kwenda chuoni kwa Dokta Koikai, mwalimu wa chumba cha maiti. Diana alimfuata nyuma akitetemeka kwa homa.

"Mama, wakifunga meza yetu narudia mwaka. Nakuomba."

"Bora urudie mwaka kuliko urudi nyumbani ndani ya sanduku."

Dokta Koikai alisimama kumpokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyo mzee wenu azikwe leo."

Dokta hakubisha. Alisema vipimo vya maiti vimechukuliwa, na damu za vijana pia, na majibu yalikuwa njiani. Ikionekana ugonjwa umetoka kwa mzee, meza itafungwa. Diana aliinama, machozi yakimlengalenga.

Mama akamtazama dokta. Macho yamechoka, mashavu yameingia ndani. Akamwonea huruma. Mtu mzima kushinda na maiti kila siku ya Mungu, na huenda hana mtu wa kumwangalia. Akafungua chupa, akammiminia kikombe kikajaa. Maziwa yalikuwa bado ya uvuguvugu. Dokta akashukuru, akanywa yote kwa adabu, akajipangusa mdomo.

Simu ikaita. Alisikiliza, kisha akaiweka mezani.

"Mzee hana tatizo," alisema. "Hawajakuta kitu kwake. Vijana ndio wana ugonjwa wa ng'ombe, ule unaowafanya watupe mimba na kuwapata watu kwa maziwa mabichi."

Dokta akakitazama kikombe alichokuwa bado amekishika.

"Mama, haya si umeyachemsha?"

"Kuchemsha, baba?" mama alisema. "Yakichemshwa si nguvu inakufa?"