Mlinzi wa Ukoo wa Ngege

Hivi wewe, ukikabidhiwa uhai wa ukoo mzima, utaulinda au utajitafutia cheo?

Kamongo, yule samaki mrefu aishiye topeni na kula wenzake, alijitafutia cheo. Ngege, samaki wa asili wa ziwani, walikuwa wameoana na sato, samaki wageni, hadi mbegu yao ikachujuka. Ngege halisi walibaki kwenye kidimbwi kimoja tu, na Kamongo akajiita Mlinzi Mkuu wa Nasaba. Siku moja akawaita samaki wote waje kukiona kizazi safi. Mama Ngege, aliyekuwa ameatamia watoto kinywani kama ilivyo desturi yao, akafunua kinywa. Watoto wakatoka, na kila mkia ulikuwa na milia ya sato.

"Mama wee!" Kamongo alifoka. "Umeolewa na mgeni? Nasaba umeizika!"

"Aliletwa na mafuriko, nikamkubali," alisema Mama Ngege. "Ningemngoja nani, Mlinzi Mkuu? Mume wangu ndiye aliyekuwa dume wa mwisho. Ulisema amesafiri, kiangazi kile, maji hayaingii kidimbwini wala hayatoki. Alisafiri vipi?"

Samaki wote wakamgeukia Kamongo. Yeye akatazama tope.

"Nilimla," alisema. "Njaa iliniuma, naye aliniamini, akalala karibu."