Msumari Namba Tisa

Kalamu ilikuwa mkononi, lakini Vuai hakuandika kitu.

Karatasi iliyokuwa mbele yake ilisema kwamba mwaka jana yeye, dereva wa kujitolea, aliondosha garimoshi la kazi bila kutazama ubao. Asiposaini, kampuni ya bima haitakubali kuwakatia bima, na reli hii ya nyuma ya Walthamstow, London, waliyoifyekea miiba kila Jumamosi kwa miaka saba, itabaki imefungwa. Akisaini, basi ndiye aliyemuua Naftali, rafiki yake.

"Nilitazama," alimwambia Gurmit, katibu wao, mzaliwa wa Kisumu. "Msumari namba tisa ulikuwa mtupu."

Utaratibu waliujua wote. Kila anayeshuka relini hutundika kibati chake cha shaba kwenye msumari wake, katika ubao wa humu kibandani, na akitoka hukichukua. Msimamizi naye aligawa kazi kwa kuusoma ubao huo huo: ambaye kibati chake hakipo amekwenda nyumbani, haongezewi kazi. Siku ile Naftali, mwenye msumari namba tisa, alikuwa bado relini chini ya daraja, anakaza bolti. Kibati chake hakikuonekana mfukoni mwake wala kwenye kokoto, ingawa polisi walizichambua siku tatu.

Mlango ukafunguliwa. Peris, mjane wa Naftali, aliingia na chupa ya chai, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu mazishi. Wengine walipomkwepa Vuai, ni yeye aliyemmiminia kikombe. Vuai alimwonea haya mpaka leo.

Siku ya ajali pia Peris alikuwepo. Wageni walikuwa njiani kwenda nyumbani kwake kujadili mahari ya binti yake, naye alikuja kumfuata mumewe. Alikaa humu humu kibandani akimngoja, akinung'unika kwamba kazi za watu hawa haziishi.

"Shemeji, sign tu," alisema kwa upole. "Naftali alitaka hii treni ipite. Usiiache ifie hapa."

"Nisaini uongo, shemeji?"

"Mimi najua uliangalia. Mungu pia anajua. Hiyo inatosha."

Mwaka mzima hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Vuai alilia mbele yao bila kujificha, halafu akasaini.

Gurmit aliichukua karatasi akatoka nayo, na Vuai akamfuata hadi kwenye jukwaa la stesheni. Filimbi ilipolia, watu waliokuwa wakingoja habari walipiga makofi na kushangilia. Vuai hakuweza kushangilia nao. Aligeuka akarudi kuchukua kofia yake aliyoisahau mezani.

Peris alikuwa kibandani peke yake, amempa mgongo, anafunga zipu ya mkoba wake. Ubaoni, kwenye msumari namba tisa, kibati kilikuwa bado kinabembea.