Aliyekataa Picha ya Meno

"Jino haliniumi. Picha nyingine ya nini?" Mwanakombo alimuuliza daktari wa meno.

"Kukataa ni haki yako, mama," daktari akajibu kwa upole, akabonyeza kitufe. "Mchana mwema."

Mwanakombo akatoka akitamba. Miaka yote alikuwa akiachama kama kinda la ndege kila walipomwambia, leo kawaweza! Alipofika nyumbani akauonyesha mlango meno, maana siku hizi milango yote ya mji huwatambua watu kwa picha zao za meno. Haukufunguka. Kumbe alipokataa picha mpya, ile ya zamani nayo ilifutwa.

Akacheka, akagonga. "Hodi humo ndani! Leo mimi mgeni!"

"Karibu, mgeni!" mumewe Shineni akamtania kutoka jikoni. "Umetuletea nini?"

Mlango ukafunguka. "Mgeni amekaribishwa," ukasema. "Ataondoka saa ya magharibi."

Salha, binti yao mdogo, alikuwa akimkimbilia mama yake, mikono imejaa unga. Mlango wa sebule ukajifunga katikati yao.

"Huyo ni mke wangu!" Shineni akapiga kelele, akiutwanga kwa ngumi. "Nilikuwa natania!"

"Wenyeji wa nyumba hii ni wawili," mlango ukajibu kwa adabu. "Mgeni atapenda chai?"

Salha akaanza kulia.

"Mke wangu, kimbia! Rudi ukapigwe hiyo picha!"

Mwanakombo hakusogea.

"Shineni," akasema taratibu, "kliniki nayo ina mlango."