Mwezi wa Dalali

Mwenye nyumba akiuza, dalali hulipwa mwezi mmoja wa kumbukumbu za mwenye nyumba za humo ndani, na mwezi wenyewe huuchagua dalali.

"Siku mbili tu za kuzungusha wateja, achukue mwezi mzima?" Bi Tunu alilalamika. "Haki iko wapi?"

"Tumeishi hapa miaka thelathini, mke wangu," mumewe, Shomari, alimtuliza. "Mwezi mmoja hutauona ukipungua."

Dalali alimgusa Bi Tunu paji la uso polepole, kama anayepima homa, kisha akaaga.

Wakifungasha mizigo, Bi Tunu alikuta kofia ndogo ya sufu nyuma ya kabati. Ilinukia poda. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa alasiri.

"Mume wangu, hivi ile mimba yangu ya kwanza iliishia wapi?"

Shomari aliichukua ile kofia. Mtoto wao aliishi siku ishirini na sita, katika chumba hiki hiki.

Nje, dalali alikuwa akipita tena taratibu, mikono ameikunja kifuani kana kwamba amepakata mtu, huku akiimba wimbo wa kubembeleza.

"Msikilize," Bi Tunu alitabasamu. "Wimbo mtamu. Sijui kafundishwa na nani."