Mguu Mapajani Mwangu

Je, umewahi kumkanda mjukuu wako mguu, naye asijue kama umeushika?

Tulikuwa kwa daktari. Mjukuu wangu ni msusi, na kisigino alichonilazia mapajani kilikuwa na ufa uliojaa mafuta ya nywele.

Daktari alisema ugonjwa huu unakula mishipa ya fahamu. Hauponi, ila hupunguzwa kasi. Kuna sindano za kujichoma nyumbani, nazo nguvu zake ni ndogo. Kuna dripu. Na kuna vidonge vikali zaidi, ila anayevimeza asishike mimba.

"Apewe hivyo vikali," mama yake akasema. "Moto hauzimwi kwa mate."

"Dripu," akasema mume wa mjukuu wangu. "Vidonge atasahau. Huyu husahau hata chai jikoni mpaka sufuria ilie."

Wakabishana juu ya kichwa chake kama watu wanaochagua pazia. Mimi nilikanda tu. Ningefanya nini kingine?

"Bibi, unakanda mguu upi?" akaniuliza polepole.

"Wa kushoto, mama."

Akautazama mkono wangu ukipanda na kushuka. Kisha akamgeukia daktari.

"Mimi nilitaka kuzaa kwanza."