Hodi ya Alasiri

Siku hizo kila tangazo lililoingia nyumbani kupitia mtandao lilitakiwa na sheria kupiga hodi kwanza. Ukishaitikia "karibu" tu, limepata ruhusa ya kupayuka wiki nzima, redioni hadi kwenye friji. Bi Mwatima, aliyelelewa Pangani asimnyime mgeni jibu, alikuwa ameshakaribisha kumi na manane.

Mwanawe Kombo alichoka, akafunga chujio la kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumba. "Likipenya hata moja, mama, nyamaza. Siku hizi yanaiga mpaka sauti za majirani."

Alasiri ikasikika sauti ya jirani yake, Riziki. "Hodi! Mwatima, nifungulie, kifua kinanibana!"

"Wanauza dawa ya kifua hao," Bi Mwatima alijisemea, akauma midomo. Hodi ya pili ilikuwa dhaifu. Ya tatu ilikatika katikati. Akajipongeza kwa kuushinda ulimi wake.

Magharibi chujio likatoa taarifa yake: tangu asubuhi limezuia matangazo mia mbili na sita, na hakuna hata moja lililopenya.

Bi Mwatima akageukia mlango.

"Karibu," alisema. "Karibu, Riziki."